Damu peke yake haitoshi, pimeni na mkojo

Ndugu wakaaji wa kambi, siku hizi kuna maneno yanayopita kwenye foleni ya maji na hata baada ya ibada: kwamba hospitali kubwa zina kipimo cha damu kinachoonyesha mara moja kama maambukizi ya mkojo yameenea mwilini, na kwamba mgonjwa asiyepimwa hivyo hajatibiwa. Kipimo kipo kweli. Lakini mimi naona tunakipa sifa kupita kazi yake. Kuna familia zinazokaa na mgonjwa nyumbani zikitafuta pesa za kipimo hicho, na mkojo wake haujapimwa hata mara moja.

Tuelewane kwanza juu ya ugonjwa wenyewe. Vijidudu vikitoka kwenye kibofu vikapanda hadi figo, mwili unaweza kupigana navyo kwa fujo mpaka ukajeruhi viungo vyake wenyewe. Madaktari huita hali hiyo sepsisi. Sisi husema sumu imeingia kwenye damu, na sina ugomvi na jina hilo, mradi mgonjwa afikishwe. Wanaopatwa zaidi ni wazee wenye shida ya tezi dume, akina mama wajawazito, wenye mawe ya figo, na wale waliowekewa mpira wa mkojo. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi mpira huo ndio mlango mkubwa wa vijidudu, na kila siku inayoongezeka hatari nayo inaongezeka.

Sasa damu. Vitu vinavyopimwa sana ni vitatu. CRP hutengenezwa na ini mwili unapowaka, nayo hufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Prokalsitonini hupanda mapema zaidi, katika saa chache, hasa vijidudu vikiwa bakteria, na dawa ikifanya kazi hushuka kwa karibu nusu kila siku. Laktati huonyesha kwamba viungo havipati damu ya kutosha. Vyote vina faida. Mwenye mpira wa wiki nyingi karibu daima huwa na vijidudu kwenye mkojo hata kama haumwi, kwa hiyo hapo damu humsaidia daktari kujua kama ni ugonjwa au la.

Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema maambukizi yako wapi. CRP hupanda kwa nimonia, kwa kidonda, na kwa malaria pia. Prokalsitonini nayo hupanda kwa malaria kali, na hapa kwetu West Nile malaria haituachi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 unashauri daktari asitumie prokalsitonini kuamua kama aanze antibayotiki. Aanze kwa kumtazama mgonjwa. Kipimo kimsaidie baadaye kujua lini asimamishe. Shinikizo la damu likiwa limeanguka, mwongozo huo unataka dawa ndani ya saa 1. Ukisema usubiri nauli ya kwenda Arua kutafuta kipimo, saa hiyo imekwisha kabla boda hajawasha pikipiki.

Mwaka 2017 watafiti walitoa hesabu ya alama iliyotokana na wagonjwa wa nchi sita za Afrika, Uganda ikiwemo. Inatazama joto lililoshuka chini ya nyuzi 36, mapigo 120 au zaidi, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo, oksijeni, akili kuchanganyikiwa na hali ya VVU. Tazameni hapo: joto kushuka, si kupanda tu! Pumzi unaweza kuzihesabu wewe mwenyewe ukiwa na saa ya simu.

Kipimo cha malaria kikisema hakuna, msirudi nyumbani mkishangilia. Ulizeni, je, mkojo umepimwa? Sipro iliyobaki kwa jirani msimpe mgonjwa, maana dozi nusu huficha kijidudu bila kukiua. Mfuko wa mpira ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, na tarehe ya kuwekwa iandikwe kwenye daftari la mgonjwa. Kwa shirika letu ombi langu ni hili: kabla ya kufikiria mashine ya prokalsitonini, hakikisheni vijiti vya kupimia mkojo na chupa safi haviishi katika vituo vidogo. Kituo cha Adumi ni cha ngazi ya nne, na ngazi hiyo imepangiwa daktari. Mgonjwa akifika huko mapema, mkojo wake ukiwa umepimwa, daktari ana pa kuanzia.

Na mzee mwenye mpira akianza kuongea ovyo, au akatetemeka kwa baridi mchana wa jua, hata bila homa, msingoje siku yangu ya kupita. Mpelekeni usiku huohuo.