Mashauri ya Nyumbani: Chupa Isiyo na Jina



Kila mwaka pamba ya Kibara inapofunga vitumba, mabomba ya kupulizia hutolewa nyumbani, nasi twanunua sumu ya kuwaua funza. Hatusemi kwamba ni vibaya. Lakini liko kosa litendekalo nyumbani baada ya kazi ya shamba, na mwezi huu twataka kulinena, tukianza na kosa letu wenyewe.

Msimu mmoja dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji ilisalia kidogo. Tukaona ni hasara kuimwaga, tukaitia katika chupa ya soda na kuiweka juu ya kabati. Dawa ile ikichanganywa huwa nyeupe kama maziwa. Siku ya tatu mtoto akaishusha, akafungua kizibo. Kwa neema ya Mungu bibi yake alikuwa karibu, akasikia harufu, akamnyang'anya. Kisha akatuuliza, "Ndani mna nini?" Nasi tukatazamana. Aliyeinunua alikuwa amekwenda Bunda, na chombo cha kwanza kilikuwa kimekwisha tupwa. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuitaja sumu ile kwa jina. Kama mtoto angalikunywa, tungalimwambia daktari nini?

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mtu aliyekwenda kondeni wakati wa njaa, akachuma matango ya mwitu na kuyatia chunguni, asijue ni kitu gani. Hakuwa na nia mbaya. Alikosa kujua tu, na chakula cha wote kikawa sumu. Nasi tuliomwaga dawa katika chupa ya soda tulifanya vibaya kuliko yeye, maana kwetu maarifa yalikuwapo, yamebandikwa chomboni, nasi tukayatupa.

Katika nchi yetu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliiweka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, nayo ndiyo isajiliyo dawa hizi. Karatasi ya chombo, yaani lebo, hueleza jina la dawa, sumu iliyomo, kipimo chake, na la kufanya mtu akidhurika. Asiyejua kusoma naye hakusahauliwa. Atazame utepe wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni wa sumu kali kupita zote, wa manjano huufuata, kisha wa buluu, na wa kijani ndio wenye hatari ndogo. Lakini hata wa kijani si kinywaji.

Ziko na picha pia. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulichapisha utaratibu wa alama za hatari kwa mataifa yote, nazo ni picha nyeusi ndani ya pembe nne nyekundu iliyosimama kwa ncha yake. Fuvu la kichwa na mifupa iliyopishana maana yake ni sumu iuayo upesi. Mti mkavu na samaki aliyekufa maana yake ni kwamba dawa hiyo huangamiza viumbe vya majini. Sisi tunaokula dagaa na sato wa ziwa hili, yatupasaje kuosha bomba ufukoni?

Basi twawasihi mambo haya. Msinunue dawa iliyopimwa katika chupa nyingine, hata ikiwa rahisi, wala msiihamishe ninyi wenyewe. Changanyeni kiasi kitakachokwisha siku ile ile. Chombo kikiwa kitupu, kisuuzeni mara tatu, maji yake yarudi katika bomba na kupuliziwa shambani, kisha kitoboeni, kisije kikatekewa maji au kutiwa mafuta ya kula. Dawa iliyobaki ikae katika chombo chake, imefungiwa mbali na watoto na chakula. Na mtu akimeza, msimtapishe kwa shauri lenu wenyewe. Mpelekeni hospitali upesi, na ile lebo mwichukue pamoja naye, maana itasema mahali ambapo mgonjwa hawezi kusema.

Nanyi waalimu, chukueni chaki, chora fuvu, samaki na zile rangi nne ubaoni, watoto wazijue kama wanavyozijua herufi. Mtoto akizijua, atamfundisha mama yake aliyekosa shule.

Leo jioni, kabla ya sala, kila baba na mama wa nyumba atazame rafuni, chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Akikuta chupa yenye kitu ndani ambacho hakuna awezaye kukitaja, asionje wala asinuse. Aifunge, aitenge mbali na watoto, na kesho amwulize bwana shamba namna ya kuiondoa. Sisi tuliponywa na pua ya bibi mzee. Tusimjaribu Mungu mara ya pili.