Baba anapopiga picha siku ya familia ya wengine

Jumamosi asubuhi, ufukweni jijini Dar es Salaam, kampuni moja inaadhimisha siku ya familia kwa wafanyakazi wake. Watoto wamevalishwa fulana za rangi moja, akina baba wanashindana mbio za magunia na wanao. Pembeni yupo mwanamume mwenye kamera mbili mabegani, anahakikisha kila kicheko kinapatikana. Naye ni baba. Mwanawe anahitimu chekechea siku hiyohiyo, saa zilezile.

Ndivyo ilivyo kazi ya kupiga picha katika hafla za kampuni. Wengine wanapopumzika, mpiga picha yuko kazini. Novemba na Desemba ndio msimu wenyewe: leo uzinduzi wa bidhaa, kesho tuzo za wafanyakazi bora, keshokutwa sherehe ya kufunga mwaka. Akikataa kazi moja, mteja hutafuta mwingine na huenda asirudi tena.

Nyumbani wanaona nini? Wanamwona anatoka na suti nyeusi, anarudi usiku wa manane kutoka hoteli kubwa. Kesho yake picha za mgeni rasmi na wakurugenzi zimejaa mitandaoni. Mke anapiga hesabu: kazi nne, Sh600,000 kila moja, basi ndani ya nyumba kuna Sh2.4 milioni. Januari ada ikidaiwa, mume anasema hana kitu. Hapo ugomvi unaanza, na si ajabu mke akahisi kuna nyumba ndogo inayolishwa.

Mara nyingi ukweli umo kwenye makaratasi. Kampuni nyingi hazilipi siku ya kazi. Mpiga picha hupeleka ankara, ikapita kwa aliyemwita kazini, ikaenda kwa mhasibu, ikasubiri sahihi ya bosi. Siku 30 zinaweza kupita, wakati mwingine 60. Kazi ya Desemba inaweza kulipwa Februari, ada ikiwa imeshadaiwa mara tatu.

Hata ikilipwa, haifiki yote. Kwa Tanzania, kampuni inayolipia huduma ya namna hii hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye Sh600,000 zinaondoka Sh30,000. Msaidizi aliyeshika taa alilipwa usiku uleule, na nauli ya kubeba vifaa ilitoka mfukoni. Baada ya hapo kuna siku mbili au tatu za kuchambua na kusafisha picha mbele ya kompyuta, ambazo watoto huziona kama baba yupo nyumbani lakini hataki kucheza.

Tatizo ni kwamba waume wengi hawayasemi haya. Wanaona aibu kukiri kwamba mtu anayesimama karibu na meza kuu anadai kila mahali. Ukimya huo ndio unaoharibu nyumba, kwa kuwa mke asiyeelezwa hujaza pengo kwa kukisia.

Dawa yake si ngumu. Kalenda ya kazi ibandikwe ukutani, kila mtu aione. Kwenye daftari moja ziandikwe ankara zilizopelekwa: tarehe, kiasi, na tarehe ya kulipwa. Mke alisome pamoja na mume, au mume pamoja na mke, maana wapo akina mama wengi katika kazi hii. Mteja aombwe kianzio kabla ya kazi, hata nusu, na sehemu ya kianzio iende moja kwa moja kwenye akiba ya ada. Cheti cha kodi iliyokatwa kidaiwe na kutunzwa, kwa sababu kinahitajika wakati wa hesabu za kodi za mwaka.

Na siku za watoto ziandikwe kwenye kalenda ileile, kwa wino uleule wa kazi. Tarehe ya mahafali ikijulikana mapema, mpiga picha anaweza kumwomba mwenzake wa kuaminika amshikie kazi, naye amlipe fadhila siku nyingine. Ikishindikana, mtoto aambiwe mapema na baba mwenyewe. Asiachwe akichungulia mlangoni wakati wenzake wanaimba.

Jioni ile, baba wa ufukweni alifika nyumbani na viatu vimejaa mchanga. Mtoto alikuwa amegoma kuvua joho. Baba alitoa kamera begini, kisha akairudisha. Alimpa jirani simu, akapiga magoti kando ya mwanawe, na safari hii naye akaonekana kwenye picha.