WAGENI WA MIGUU WASIDHARAULIWE

Ndugu wanaushirika,

Nasema bila kuficha. Nimesikia watu wazima wanawacheka wale wageni wawili waliokuja kwa miguu toka Tukuyu. Eti ni mafukara, mzungu gani hana gari! Hiyo ni kasumba.

Hebu tupige hesabu. Gari linatoka Mbeya asubuhi, linapita Ziwa Ngozi, linapita Daraja la Mungu kule mto Kiwira, jioni limesharudi Mbeya. Hapa kwetu linasimama dakika tano, akina mama wanapigwa picha wamebeba vikapu vya chai, basi. Tumebaki na nini? Vumbi. Wale wawili wamelala siku nne. Wamekula ndizi zetu, maziwa yetu na maparachichi yetu, na mwenye nyumba kalipwa taslimu.

Tena wameona kazi. Chai tunachuma majani mawili na chipukizi, na yasipofika kiwandani siku hiyohiyo yameharibika. Mtu wa dakika tano atayajulia wapi hayo? Kahawa ndiyo zaidi. Mbuni unakaa kama miaka mitatu ndipo uzae, halafu uchume nyekundu tu, umenye, uvundike, uoshe, uanike wiki nzima na zaidi. Mmoja wao alishinda kwenye chanja anageuza kahawa na mama mwenye nyumba mpaka shingo ikamwungua. Hakupiga picha hata moja.

Sasa aibu yetu, na mimi nimo. Yule mgeni alipoomba kahawa akapewa ya kopo, ya dukani! Na mibuni imejaa mpaka mlangoni. Tunalima, tunauza yote, ladha yake hatuijui. Mimi katibu wenu nalima tangu ujana, kahawa ya shamba langu nimeionja mwaka huu tu.

Vijana mnaodai fedha za picha njiani, acheni. Na wewe unayemhimiza mgeni wa miguu apande bodaboda afike upesi, unampeleka wapi? Unamtoa kijijini na fedha zake mfukoni.

Kamati ikutane Jumatano ofisini. Nataka zichaguliwe nyumba tatu safi zenye choo kizuri, na bei moja iandikwe ubaoni hapa, kila mtu aisome. Pia tupate kinu cha kutwangia kahawa na kikaango. Kinu natoa mimi. Kikaango anatoa nani?

Katibu wa Tawi