Bandikeni ukutani

Ukitaka kujua nani ameanza na nani yuko benchi Kagera Sugar ikicheza Kaitaba, utaambiwa kabla mpira haujaanza. Ukitaka kujua nani amepewa mkopo wa halmashauri hapa Kahororo, Bukoba, utaambiwa urudi Jumatatu.

Mkopo wenyewe ni haki ya kisheria, si hisani ya mtu. Tangu 2018 kila halmashauri nchini inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni ushuru wa ndizi sokoni, wa dagaa mwaloni, wa kahawa inayotoka vijijini, na leseni ya duka lako. Hela hii haikutoka Dodoma wala kwa mfadhili. Ni yetu, imezunguka tu ofisini kabla ya kurudi.

Na hairudi vizuri. Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alisimama bungeni akatangaza mikopo hiyo isitishwe nchi nzima, baada ya Mkaguzi Mkuu kukuta vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Mama aliyekuwa amelipa kila shilingi alifungiwa mlango pamoja na kikundi kilichokuwepo kwenye karatasi tu. Mwaka 2024 mlango ulifunguliwa tena, kanuni mpya zikaja, maombi yakahamia kwenye mfumo wa kompyuta, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kupitishia fedha benki.

Sawa. Lakini benki itajua nani amekopa, haitajua kama mashine ya kukoboa ipo kweli au ilipigwa picha kwa jirani. Mfumo nao unaonwa na mwenye nywila tu. Anayejua kikundi hewa ni yule anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti wake, na huyo hajawahi kuulizwa.

Dawa ni karatasi moja na gundi. Kila ofisi ya kata, kila ofisi ya mtaa na ya kijiji, kuanzia hapa hadi visiwa vya Muleba, ibandike kila miezi mitatu: jina la kikundi, viongozi wake, kiasi walichopewa, tarehe, shughuli waliyosema watafanya, kiasi walichorejesha. Kwa maandishi makubwa, nje, mahali ambapo mtu anasoma bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Hili si jambo la kubuni. Wenzetu ng'ambo ya mpaka wa Mutukula walilifanya zamani. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, ruzuku ya serikali iliyofika shule za msingi ilikuwa wastani wa asilimia 13 tu. Nyingine iliyeyukia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha iliyopelekwa kila wilaya, na kuzitaka shule zibandike kiasi kilichofika. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wataalamu wamebishana baadaye kama sifa zote ziende kwa tangazo au mageuzi mengine nayo yalisaidia. Wabishane. Mzazi aliyesoma ukutani kwamba shule imepewa hela, halafu akaona watoto hawana vitabu, alikuwa na swali la kuuliza ambalo jana hakuwa nalo.

Tena hatuna haja ya kwenda Uganda kujifunza uwazi. Nenda kwenye kikoba chochote cha akina mama. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na siku ya kikao deni la kila mmoja linasomwa kwa sauti mbele ya wote. Hakuna anayezimia. Anayedaiwa anainama kidogo, analipa, maisha yanaendelea. Halmashauri yenye wahasibu na wakaguzi wa ndani inashindwa na sanduku la bati.

Visingizio tumevisikia. Cha kwanza ni siri ya mteja. Siri gani? Anayekopa benki anakopa fedha ya benki; huyu amekopa ushuru wa mwenzake. Mtu mwenye ulemavu hana haja ya kuandikwa hali ya mwili wake, jina na kiasi vinatosha. Cha pili, eti watu watawasema waliopata. Watawasema, ndiyo. Wanawasema hata sasa, tena kwa kukisia, na kukisia ndiko kunakoharibu jina la mtu safi.

Cha tatu ndicho kinachotuudhi zaidi: kwamba wananchi hawana mwamko wa kukopa. Mwamko upo. Muulize mkulima anayeuza butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini. Januari mtoto anataka sare na michango, kahawa bado mbichi, mnunuzi anakuja na laki mbili mkononi, anaondoka na mavuno ambayo hayajaiva. Huyo amekopa, na kwa riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuiandika. Butura imepigwa marufuku, wakubwa wameikemea kwenye mikutano, nayo ipo, kwa sababu wakati wa njaa ya hela mlango ulio wazi ni huo. Mkopo usio na riba ukitoka Juni ili tu mwaka wa fedha ufungwe vizuri, mkulima huyo umemkosa. Ukitoka Desemba umemkuta. Na tarehe ikiwa imeandikwa ukutani, kila mtu ataona kama umetoka Desemba au Juni.

Hili halisubiri waziri wala kanuni nyingine. Madiwani waliochaguliwa Oktoba 2025 wanakaa vikao kila robo mwaka. Diwani mmoja, wa Kahororo au wa kata yoyote ya Bukoba na Muleba, asimame aombe orodha ya kata yake, aibandike mwenyewe. Mwenzake wa kata ya pili ataulizwa na watu wake yake iko wapi.

Na ofisi ikisema karatasi zimekwisha, tutachanga.