Usingoje Kulipa Getini

Ushawahi kwenda kuona mchezo wa jukwaani ukapata nusu ya viti ni tupu, halafu kesho yake rafiki anakuuliza, "Kwani jana kulikuwa na shoo?" Mimi yamenipata hapa Nairobi. Tangazo lilizunguka WhatsApp wiki nzima, watu kibao wakaandika "nitakuja". Wengi hawakutokea.

Kwa maoni yangu, tabia yetu ya kulipa getini inawaumiza wasanii. Kundi la maigizo hulipia ukumbi, taa na mavazi kabla ya siku yenyewe. "Nitakuja" hailipi ukumbi. Ukinunua tiketi mapema kwa simu, kundi linajua watu wangapi wanakuja, na viti vikibaki, bado kuna muda wa kutafuta wengine.

Wasanii nao wana kazi yao. Wekeni kwenye tangazo nambari ya Till ya kundi, si nambari ya simu ya mtu mmoja. Mnunuzi akiona jina la kundi, hana wasiwasi. Pia mwombeni ruhusa ya kumtumia ujumbe kuhusu shoo ijayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki mtumie nambari yake kibiashara bila idhini.

Na wewe shabiki, jina likitokea tofauti na la kwenye tangazo, usithibitishe malipo. Wapigie waandalizi kwanza. Likiwa sawa, lipa leo, na usifute ule ujumbe wa malipo hadi uingie ukumbini.