Hadithi Njema Ijue Pa Kukomea



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo muhula huu limetugawa bwenini kuliko hata mpira. Jambo lenyewe ni hili: hadithi ndefu za picha za Kijapani, ziitwazo manga, yafaa zikomeshwe lini? Wako wasemao kwamba hadithi ikipendwa na iendelee tu, hata miaka mia. Wako wasemao kwamba zimezidi urefu, na wenyewe wazifunge. Usiku mmoja ubishi huu ulipamba moto hata mwalimu wa zamu akaja kutuzimia taa kabla ya saa yake, na asubuhi tukafyeka majani nyuma ya bwalo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliofyeka, kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kusema neno.

Kwanza yafaa niwaeleze wazazi wetu, wasije wakadhani nasema mambo mengine. Manga hii si ile Manga ya Uarabuni wanayoitaja wazee, wala haihusiani na pilipili manga. Ni neno la Kijapani, na maana yake ni hadithi zinazosimuliwa kwa picha zilizochorwa. Huko Japani husomwa na watoto na watu wazima pia. Nyingi hutoka kwanza vipande vipande katika magazeti, pengine kila juma sura moja ya kurasa kama 19, kisha sura hizo hukusanywa zikawa vitabu. Gazeti lililo mashuhuri kupita yote ni Weekly Shonen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968. Sisi huzisoma nyumbani wakati wa likizo, kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni. Na muhula ufunguliwapo, yule aliyesoma mbele zaidi huwa ndiye msimulizi wa bweni zima.

Hadithi iliyotugombanisha ni One Piece ya Bwana Eiichiro Oda. Yamhusu kijana Luffy, mwenye kofia ya majani, anayesafiri baharini pamoja na wenzake kutafuta hazina ili awe mfalme wa maharamia. Bwana Oda aliianza mwezi wa Julai 1997, naye akiwa na umri wa miaka 22. Alidhani ingemchukua miaka kama 5. Mwaka 2022 ndipo ilipoingia katika sehemu yake ya mwisho, na mwaka 2025 chombo cha Luffy kilikuwa kingali baharini, sura zimepita 1,100 na juzuu zimepita 110. Mimi nina miaka 17. Hadithi hii ilinitangulia kuzaliwa, na kaka yangu aliyenifundisha kuisoma sasa ana mtoto.

Wale wasiotaka ikome wana hoja zao, nami sizidharau. Wanasema kwamba wahusika wale wamekuwa kama jamaa zao, na hakuna mtu amwambiaye jamaa yake aende zake kwa sababu amekaa siku nyingi. Tena wanasema kwamba urefu peke yake si kosa, kwani mwembe haulaumiwi kwa kuzaa miaka 40. Nami nilikuwa upande wao. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wengi, na leo nataka kueleza kwa nini nimegeuka.

Hapana budi tujue kwanza jinsi gazeti lile linavyoendeshwa. Kwa miaka mingi katika kila toleo imekuwamo kadi, nayo msomaji huijaza akitaja hadithi tatu zilizompendeza na kuirudisha. Wahariri huzihesabu. Hadithi isiyopata kura hukatwa, hata kama ina majuma machache tu tangu kuanza. Na hadithi inayopata kura nyingi? Hiyo ndiyo yenye shida nyingine: kuiacha ni vigumu, maana gazeti zima lasimama juu yake. Basi tusidhani kwamba urefu hutoka kwa mwandishi peke yake. Hutoka kwa mwenye gazeti anayetaka kuuza, na hutoka kwetu sisi wasomaji tunaosema, "Ongeza, ongeza!"

Neno hili "ongeza" ndilo linaloniuma, na sasa naungama. Mwaka jana kijana mmoja wa Kidato cha Pili, bweni letu hili hili, alianza kuchora hadithi yake mwenyewe katika daftari kubwa. Ilikuwa habari ya mvuvi mdogo aliyetafuta mtumbwi wa marehemu baba yake. Kila Jumamosi alitoa kurasa 4, na daftari lilipita kitanda kwa kitanda. Naapa ilikuwa nzuri. Alituambia mapema kwamba mtumbwi ungepatikana kabla ya kufunga shule na hadithi ingekwisha. Sisi wakubwa tukakataa. Tulimpa sukari, tukampa sabuni, tukamfulia mashati, mradi asiumalize. Akatii, maana mdogo atafanya nini mbele ya wakubwa? Mtumbwi ukapatikana, ukapotea tena, ukaibwa na majini, ukameza mtu. Mwenyewe hakuwa akijua tena anakokwenda. Basi ikaja Jumamosi ambayo watu walilitupa daftari wakisema limeharibika, na mimi nilicheka pamoja nao. Kijana yule hajachora tena tangu siku ile. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwa adabu kwamba hana nafasi, kwa ajili ya masomo.

Hapo nikaanza kuzitazama upya hadithi za Japani, hasa zile zilizokoma.

Chukua Dragon Ball ya Bwana Akira Toriyama, aliyefariki mwaka 2024. Aliianza mwaka 1984 akaifunga mwaka 1995, sura 519. Ilipokaribia mwisho wake gazeti la Jump lilikuwa limefikia nakala milioni 6 na laki 5 kwa juma, kiasi ambacho halijafikia tena. Mwaka uliofuata, 1996, ikafungwa na Slam Dunk ya Bwana Takehiko Inoue, hadithi ya mpira wa kikapu iliyokuwa ikipendwa mno. Mauzo yakashuka, na bila shaka wenye gazeti waliona giza. Lakini tazameni kilichofuata: mwaka 1997 ikaanza One Piece, na mwaka 1999 ikaanza Naruto ya Bwana Masashi Kishimoto. Waandishi wote wawili ni watu waliokua wakimpenda Toriyama. Kurasa za gazeti si mpira wa kuvutika. Hadithi moja ikiondoka ndipo nyingine hupata pa kukaa. Wenzangu wanaosema kwamba hadithi wanayoipenda isikome kamwe, wakumbuke kwamba yao wenyewe ilianza wakati nyingine mbili kubwa zilipokuwa zimekwisha kuaga.

Tena kukoma si kupotea. Slam Dunk ilikoma mara baada ya mchezo wake mkubwa kuliko yote, na mchezo uliofuata ukatajwa kwa maneno machache tu. Wasomaji walilia. Lakini miaka 26 baadaye, Desemba 2022, Bwana Inoue alitoa filamu juu ya mchezo ule ule, akaiongoza mwenyewe, na watu wakajaza majumba ya sinema Japani na Uchina. Vilevile Kimetsu no Yaiba, ambayo wengi wetu tumeiona kwa sinema, ilianza Februari 2016 ikakoma Mei 2020 kwa sura 205 tu. Wakati ule ndipo sifa zake zilipokuwa zikipanda. Miezi michache baadaye filamu yake ikapata fedha nyingi kuliko filamu yoyote iliyopata kuonyeshwa Japani. Mwandishi alikuwa amekwisha kusema aliyokuwa nayo, akaweka kalamu chini. Mchezaji ngoma mwenye akili hutoka uwanjani wakati watu wangali wakipiga vigelegele.

Mtu aweza kuniuliza, "Je, Kochikame?" Swali hilo ni la haki. Bwana Osamu Akimoto aliichora hadithi hiyo ya polisi mcheshi tangu 1976 mpaka 2016, miaka 40 bila kukosa juma, vitabu 200. Na Golgo 13 ya Bwana Takao Saito ilianza mwaka 1968, na hata baada ya kifo chake mwaka 2021 wasaidizi wake wanaiendeleza, kama mwenyewe alivyotaka. Mbona hizo hazikuchosha?

Jibu langu ni kwamba hadithi ziko namna mbili. Iko ya namna ya Abunuwasi. Leo Abunuwasi amfanyia hila jirani, kesho amjibu mfalme, na kila kisa chakwisha siku ile ile. Hadithi kama hiyo hata ikiendelea milele haidhuru, maana haikuahidi kitu. Kochikame na Golgo 13 ni za ukoo huo. Namna ya pili ni hadithi ya safari. Hiyo siku ya kwanza humwambia msomaji, "Twende, nitakuonyesha kitu." Luffy alisema ataipata hazina. Yule mvuvi wetu alisema ataupata mtumbwi. Ahadi ni deni, na hadithi ya safari isiyofika ni deni lisilolipwa. Kwa hiyo sisemi kwamba One Piece ni mbaya kwa sababu ni ndefu. Bwana Oda ameeleza kwamba anaujua mwisho wake tangu zamani, naye ameanza kuuelekea. Nasema tu kwamba tusimshike miguu asifike.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito. Mchoraji ni binadamu. Kurasa 19 kila juma ni kazi ya usiku na mchana. Bwana Yoshihiro Togashi, aliyeianza Hunter x Hunter mwaka 1998, ameisimamisha mara nyingi kwa maradhi ya mgongo. Mwaka 2022 alieleza kwamba kwa muda wa miaka miwili hakuweza kukaa kitini na kuchora. Mwaka 2023 alitoa kwa televisheni mwisho mmoja wa akiba, ili wasomaji wawe nao iwapo atakufa kabla ya kumaliza. Fikirini mtu anayeandikia hadithi wasia! Na Bwana Kentaro Miura, aliyeianza Berserk mwaka 1989, alifariki Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 54, hadithi ikiwa katikati ya safari. Bahati njema ni kwamba zamani alikuwa amemsimulia rafiki yake, Bwana Kouji Mori, mpaka mwisho. Mwaka 2022 rafiki huyo alikubali kuisimamia iendelee, akaahidi kuandika yale tu aliyoyasikia kwa Miura. Wasomaji wanashukuru, nami nashukuru. Lakini nani asiyetamani kwamba mwenyewe angalifika?

Na hata anayefika hapewi pole. Shingeki no Kyojin ya Bwana Hajime Isayama ilifungwa Aprili 2021 baada ya miaka 11 na zaidi. Wako waliousifu mwisho wake na wako walioutukana, wakamtukana na mwenyewe. Mwaka uliofuata, mbele ya wasomaji wake huko New York, alisema jinsi mwisho ule ulivyompa taabu, akashindwa kuyazuia machozi, na watu wakampigia makofi. Nilipoiona habari hiyo nilimkumbuka kijana wetu wa Kidato cha Pili. Yeye hakupigiwa makofi na mtu.

Basi maoni yangu ni haya. Hadithi ya safari ikome inapofika, na mwenye kujua imefika wapi ni mwenye kuisimulia. Wahariri wasimzuie kwa ajili ya fedha, na sisi tusimzuie kwa ajili ya mapenzi, maana mapenzi yasiyomwachia mtu apumzike ni ulafi. Msomaji anayo haki ya kusema kwamba sura hii ni nzuri na ile ni mbaya. Hana haki ya kumnyima mtu mlango wa kutokea.

Najua wako watakaosema kwamba nageuka kwa kuwa niko Kidato cha Nne na mwezi wa Novemba natoka, kwa hiyo nimeanza kupenda miisho. Sivyo. Kwa kweli naogopa kuondoka hapa, na kama ningaliachiwa ningeliomba muhula mmoja zaidi. Lakini vitanda vyetu vinangojewa na wadogo.

Kwa yule kijana nimenunua daftari jipya. Nimempa Jumapili iliyopita mbele ya bweni zima, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba akichora au asichore ni shauri lake, na akichora, mtumbwi upatikane siku atakayotaka yeye. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini ya mto. Hakusema neno, wala sikumwuliza.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne