Marsabit: tuchague kambi kwa kuangalia maji

Kwetu Kahawa Sukari wanaopanga kwenda Marsabit huulizia kwanza mandhari ya Ziwa Paradise, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Mlima Marsabit, wenye kimo cha mita 1,700 hivi, hunasa ukungu unaolisha msitu, huku chini yake jangwa la Chalbi likiungua. Hema linaloloa alfajiri mlimani litajaa vumbi Kalacha, kule jangwani. Lakini Kalacha ina chemchemi, ilhali Ziwa Paradise, lililo mlimani, hupungua sana wakati wa ukame. Wapo watakaosema lami ya Isiolo hadi Moyale imemaliza shida. Imefupisha safari, naam, ila ndovu na nyati bado hushukia maji usiku: hema likae mbali na njia zao, na mitungi ijazwe mjini.